Mgongo Wangu na Kiti cha Sufi

Nilianza kwa kuiba sufi ya godoro nililokuwa nikililalia mwenyewe. Nasema kuiba kwa sababu godoro lile lilikuwa la mke wangu, Mwanasha. Mama yake alilishona kwa mkono, akalijaza sufi iliyochambuliwa mbegu moja moja, akampa siku ya harusi. Mchango wangu mimi ulikuwa kulilalia tu. Basi siku Mwanasha alipokwenda kwao Diani kusalimia, nikalifumua pembeni, nikachota sufi kwa mikono miwili, nikaijaza kwenye kiti cha gari upande wa dereva, kisha nikalishona tena kwa mishono ambayo hata kuku angeicheka. Mwanasha aliporudi akalala, akageuka, akageuka tena, akaniuliza, "Humu mwaingia panya?"

Nami, mtu mzima niliyesoma mpaka kidato cha nne, nikamjibu kuwa yaelekea. Tukatega mtego.

Panya hakunaswa. Nilichonasa mimi ni maumivu ya mgongo yaliyonikalisha, yakanilaza, na yakaninyima kuinama kwa karibu mwaka mzima. Sasa yamekwisha, alhamdulillahi. Lakini kila nikipita njiani nawaona madereva wakishuka magarini wameshika viuno, wanasimama kwa vituo vituo kama wanafungua mwavuli mkongwe. Wananitia huruma, na wananichekesha kidogo, maana ndivyo nilivyokuwa. Hao ndio ninaowaandikia. Mambo ya mifupa na mishipa watawauliza madaktari. Mimi nitawaeleza habari za kiti.

Yafaa mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu wakisikia honi ya basi mioyo inawaruka. Mimi nikisikia honi naangalia kama mlango wangu umefungwa vizuri. Nimezaliwa Msambweni, nimekulia Msambweni, na mpaka leo nikivuka Likoni kwa feri naona kama nimehama nchi. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, wenzangu niliosoma nao walikimbilia Mombasa na Nairobi kutafuta viti vilivyoachwa na Wazungu maofisini. Mimi nikapata ukarani katika chama cha wakulima wa korosho na mbata za nazi. Ukiwasha sigara mlangoni kwangu, ulifika ofisini haijaisha. Nikaona sasa nimefika, sitaki tena.

Kilichoniponza ni leseni. Nilikuwa nimejifunza gari kabla sijaposa, ili Mwanasha anione, na kweli akaniona. Basi dereva wa chama alipopata kazi bandarini, mwenyekiti alituuliza makarani nani ana leseni, na wenzangu wakanionyesha kwa vidole kabla sijapata pa kutazama. Tangu siku hiyo nikawa wa barabarani: Lunga Lunga, Majoreni, Vanga, narudi, napanda Kwale mpaka Kinango, nashuka na magunia mpaka Likoni. Lami ilikuwa bado haijafika kwetu. Barabara ilikuwa ya changarawe, imejikunja mistari mistari kama ubao wa kufulia nguo, na kiti cha pikapu ya chama kilikuwa kimekwisha kuchakaa, springi zinakusalimia moja moja. Ndipo nilipoikumbuka sufi.

Siku ya kwanza nilikaa kama sultani. Niliwapungia watu mkono tangu kwetu mpaka Lunga Lunga.

Sufi ina tabia moja ambayo kila mwanamke wa pwani anaijua, nami sikuijua kwa kuwa sikuwahi kufanya zaidi ya kuilalia. Isipoanikwa juani ikapigwapigwa, hushikana. Na ukiilemea pahali pamoja, huhama pahali hapo ikaenda kando. Mimi nilikuwa na mtindo wa kuweka kiwiko dirishani, kwa hiyo nilikuwa nalemea upande wa kulia. Kidogo kidogo kiti kikafanya shimo, na shimo lenyewe likaenda upande. Sikuliona. Shimo unalolichimba kwa makalio yako mwenyewe kila siku hulioni.

Maumivu nayo hayakuja kwa kishindo. Yalibisha hodi. Nikishuka garini nahisi kidole kimoja kinanibonyeza kiunoni, nikitembea hatua chache kinaondoka. Mvua za mwaka zilipoanza, barabara ikawa uji na kidole kikawa ngumi. Kabla mvua hazijakatika, ngumi ilikuwa imeshuka mpaka pajani, na unyayo wangu wa kulia umekufa ganzi, nakanyaga breki kwa kukisia.

Hapo nikaanza kustaajabu, na tangu hapo sijaacha. Sikujua kuwa mgongo unahusika na mambo mengi hivyo. Nilidhani mtu hupiga chafya kwa pua. Kumbe hupiga kwa mgongo. Hukohoa kwa mgongo, hucheka kwa mgongo, huvaa viatu, huchuma ndimu, hugeuka akiitwa jina, yote kwa mgongo. Siku moja chafya ilinijia dukani. Nikalikumbatia gunia la sukari kama ndugu aliyerudi Hija, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nalitaka lote.

Kuswali ndiko kulikonivunja moyo. Kwenye rukuu nilikwama katikati kama mlango uliovimba kwa mvua. Sijda sikuifika kabisa. Nikawa naswali juu ya kiti, nyuma ya safu, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa hawezi magoti. Mzee yule alinitazama ujana wangu, akavuta kiti chake, akanipisha penye upepo.

Nilificha kadiri nilivyoweza. Kwetu kijana aliyeoa juzi hasemi hadharani kuwa kiuno chamuuma. Nilisema mara moja tu, barazani, nikasikia nilichostahili.

"Kiuno, Salimu?" akasema rafiki yangu, akiwageukia wenzake. "Jamani mwambieni apumzike. Mke kashapata mimba, haraka ya nini tena?"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikacheka nami, nikaumia. Lakini habari ya mimba ilikuwa kweli, ya kwanza, na ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta dawa kwa bidii.

Nilianza kwa mpiga chuku, Majoreni. Alinilaza kifudifudi juu ya mkeka uliotandikwa sakafuni, akanichanja, akanibandika pembe zake mgongoni, akaniacha hapo, akaenda zake kupalilia mihogo. Nikalala pale asubuhi nzima. Nilipoinuka nilikuwa mzima. Nasema mzima: niliinama nikavaa viatu mwenyewe. Nilimbusu mkono yule mtu. Nikaingia garini nikiimba, na kufika Ramisi nilikuwa naendesha huku machozi yananitoka.

Nikarudi kwake tena na tena, na kila mara mambo yakawa yale yale. Kisha nikaenda hospitali.

Nje ya chumba cha dresa, yule anayewaona wagonjwa kabla ya daktari, palikuwa na benchi. Ubao mmoja mrefu, mgumu, umesukumwa ukutani. Nililijua benchi lile kuliko nilivyozijua nyumba za shangazi zangu. Ukikaa pale hukuwa na uhakika wa kupona, lakini uhakika wa kuzijua habari za watu wote ulikuwa nao. Palikuwa na mama mwenye mtoto wa kifaduro, akampigapiga mgongoni na kila akimpiga mimi nikajikaza. Palikuwa na mwanamume kutoka bara ya Kinango aliyekuwa ametembea na mguu uliovimba, amebeba na kuku. Alipokuwa akiuliza kama dresa hupokea kuku, yule kuku alinilalia mapajani akafumba macho. Watu walisogea kwa heshima, wakapeana nafasi, wakaulizana hali za nyumbani, na hakuna aliyesema "mimi nina haraka". Sijaona mahali penye adabu kama benchi la wagonjwa.

Nilingoja mpaka jua likawa utosini, mgongo wangu umeegemea ukuta. Nikaitwa.

"Waumwa wapi?" akauliza dresa.

"Hapa. Ilikuwa hapa."

"Ilikuwa?"

"Nilipofika ilikuwepo."

"Hebu inama." Nikainama. "Simama. Geuka." Nikageuka kama kijana wa ngoma. Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Bwana, wewe una nini hasa?"

Akanipa vidonge, kwa upole. Nikaingia garini, na kabla sijatoka kwenye lango la hospitali kidole kile kilikuwa kimerudi. Juma lililofuata nikaenda tena, nikangoja tena, nikapona tena. Mara ya tatu dresa akaniambia, "Wewe waja kutusalimia."

Nami nikawa na hakika ya jambo moja, na nikaenda kumwambia Mwanasha.

"Yule bwana ana baraka," nikasema. "Hajanigusa. Naukaribia mlango wake tu napona."

"Basi hamia kwake," akasema Mwanasha, akaendelea kukuna nazi.

Mvua zilipokatika na upepo wa kusi ukashika, mama yake Mwanasha, Bi Mwanaidi, akaja kutoka Diani kumwangalia bintiye, maana tumbo lilikuwa limekuwa kubwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona wanisalimia ukiutazama ukuta?"

Sikuweza kugeuka. Akanizunguka yeye, akaja mbele yangu, akanitazama toka juu hadi chini kama anayenunua mbuzi.  Siku ya pili, baada ya chakula, akaniita ukumbini.

"Mwanangu, kwetu mtoto akitimiza arobaini, huwekwa juu ya mkeka hapo kizingitini. Baba yake huinama akamwinua. Hashikwi mkono, haegemei kitu. Humtoa nje akaliona jua. Walikueleza?"

"Nilielezwa, mama."

"Baba asipoweza, mjomba wake yupo."

Mjomba mwenyewe ni Athumani, kaka yake Mwanasha, mtu mwenye mgongo kama mlango wa msikiti, anayebeba gunia la mbata kama wewe unavyobeba koti.

"Na akiinua mjomba, mama?"

"Hapana ubaya. Mtoto atakuwa wa wajomba. Neno juu yake litakuwa lao: shule, akika, posa, yote. Atalelewa vizuri." Akajifunga leso yake vizuri. "Nawe utakuwa waja kumwona."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia ya kisimani.  Nilikuwa nimekubali kuswali kwenye kiti, nimekubali kuchekwa barazani, nimekubali kuvishwa viatu. Lakini kuwa mgeni kwa mtoto wangu mwenyewe, mtu anayekaribishwa maji akaulizwa ataondoka lini, hilo mtu wa nyumbani kama mimi hawezi kulikubali. Nikahesabu miezi ya Mwanasha kwa vidole, nikaona muda hautoshi.

Siku chache baadaye Mwanasha alitakiwa hospitali kupimwa. Hakuwa na kawaida ya kupanda gari la chama, lakini miguu ilikuwa imemvimba, nikamwambia apande. Akakaa kushoto kwangu, upande ambao sufi haikuufikia. Tukaondoka. Tulipopita minazi ya kwanza akaniita.

"Salimu."

"Naam."

"Mbona nakuona utosi?"

"Utosi wangu una nini?"

"Miye nimeolewa na mtu mrefu. Tukisimama, kichwa changu chakufika begani. Leo nakutazama kwa juu kama natazama kisima. Simamisha gari."

Nikasimamisha. Akashuka na tumbo lake, akazunguka, akafungua mlango wangu, akaniambia nishuke. Nikashuka kwa vituo. Akatia mkono kitini, na mkono ukazama. Akapapasa huku, akapapasa kule, akapata mahali ngozi ya kiti ilipopasuka, akavuta. Ikatoka sufi nyeupe, laini. Akaiweka kiganjani. Akaitazama. Akanusa, sijui kwa nini alinusa, nadhani ilikuwa na harufu ya udi wa kwao.

"Kumbe panya mwenyewe ana leseni," akasema.

 Akakaa pale kwenye ubao wa kupandia garini, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Alipomaliza akajifuta uso kwa leso.

"Lile benchi la hospitali, lina sufi?"

"Halina."

"Na mkeka wa mpiga chuku?"

 Nilisimama kando ya barabara ile, upepo unanipiga, na kila kitu kikawa kinajipanga mbele yangu kimoja kimoja. Benchi. Ukuta. Mkeka. Sakafu. Kumbe kwa miezi yote mwili wangu ulikuwa ukiniambia kwa lugha iliyo wazi kabisa, ukanionyesha unapotulia na unapolia, nami msomi nikawa natafuta mawalii. Subhanallah. Nilikitazama kile kiti, kilichotulia pale bila hatia.

Kama uko kwenye usukani na unaumwa, soma hapa tena kisha uende ukatie mkono wako mwenyewe kwenye kiti chako. Usitume mtu.

Kurekebisha hakukuwa kwepesi. Kwanza nilitoa sufi yote nikaweka ubao, kwa kuwa nililipenda lile benchi. Lakini benchi haliendi Lunga Lunga. Kwenye yale makunyanzi ya barabara ubao ulinipiga mpaka meno yakagongana, nikarudi nimeshika kiuno na taya. Nikakaa uani nikiwaza, nikiwa nimelala juu ya kitanda chetu cha kamba kilichokuwa kikitumika kuanikia mihogo. Kilikuwa hakizami, na hakinipigi. Kilinipokea, basi.

Sasa faida ya kuwa mtu wa nyumbani ni hii: wenzangu walipokuwa wakienda kuzurura utotoni, mimi nilikuwa nimekaa uani na baba yangu tukiwamba vitanda. Nilijua kuwamba kabla sijajua kusoma. Nikakata miguu na ubavu wa kitanda kimoja kibovu, nikapata fremu ndogo ya kuingia mahali pa springi, nikaloweka kamba za makumbi. Taabu ni kuwa kamba yataka kuvutwa, na mimi nilikuwa siwezi kuvuta hata pumzi. Mwanasha alikuwa hawezi kukaribia. Akamwita Mama Ndunge.

Mama Ndunge alikuwa jirani yetu. Yeye na mumewe walitoka Ukambani wakaja kulima huku, kanisa lao liko ng'ambo ya barabara, na jembe lake lilisikika kabla ya adhana. Maamkizi yetu marefu ya pwani yalimchosha. Sisi tukiwa bado tunaulizana za nyumbani na za watoto na za wazee, yeye alikuwa amekwisha kusema alilolijia.

"Wewe unatembea kama mtu amebeba ndoo kwa kichwa," ndiyo salamu yake ya siku hiyo. "Lete hiyo kamba."

Akakanyaga fremu kwa mguu mmoja, akajifunga leso kiunoni. Mimi napitisha kamba, yeye anavuta.

"Vuta, mama."

"Nimevuta."

"Zaidi kidogo."

"Nikivuta zaidi utalia."

Akavuta zaidi. Fremu ikalia badala yangu. Tulipomaliza akaikalia mwenyewe, mwanamke mwenye uzito wake, akajirusha mara mbili. Haikuzama.

"Hii sasa ni kiti," akasema. "Ile ingine ilikuwa choo."

Mwenyekiti wa chama alipokiona aliniuliza kama nimehamishia chumba cha kulala kazini. Nikamwambia ndiyo.

Lakini msidhani nilipona siku ile. Hili nalitilia mkazo, kwa maana ndipo wengi hukata tamaa. Mgongo uliopindwa miezi hauwi tayari kusamehe kwa asubuhi moja. Bi Mwanaidi alinitoa kitandani, nikalala juu ya mkeka sakafuni kipindi chote cha kipupwe, na Mwanasha peke yake akatamba kwenye godoro lake lililorudishiwa sufi. Alinipa leso kuukuu, nikawa naikunja kama chapati na kuiweka nyuma ya kiuno ninapoendesha. Mpaka leo siendeshi bila hiyo leso. Kiwiko nikakitoa dirishani. Na kila nilipofika kituo, na hata pasipo kituo, nilisimamisha gari, nikashuka, nikalizunguka polepole. Watu wa Lunga Lunga walidhani nakagua magurudumu, wakaanza kunisifu kwa uangalifu. Sikuwasahihisha.

Ganzi ya unyayo ilianza kuondoka. Siku niliyohisi mchanga kwa mguu wa kulia nilivua viatu nikasimama tu uani, nikivikunja na kuvikunjua vidole kama mtu aliyezawadiwa.

Kisha nikaharibu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, gunia la mbata likawa linalowa pale nje ya ofisi, na mimi nikajiona mzima. Nikainama nikalishika. Nilisikia kitu ndani kikisema "ka", kidogo, kama kijiti kinachovunjwa, nikaanguka pale pale kwenye matope. Walinibeba juu ya mlango wa stoo. Mmoja wa walionibeba alikuwa Athumani, shemeji yangu, aliyekuwa ameleta mbata yake. Alinibeba kama anavyobeba gunia, na wepesi wake ulinijaza hofu.

Nikiwa bado nimelala chali juu ya mkeka, Mwanasha akajifungua, chumba cha pili. Nilisikia yote na sikuweza kwenda. Nilisikia mama yake akimwita jina, nikamsikia Mwanasha akimwomba Mungu, kisha kimya, kisha sauti ambayo haikuwahi kuwamo nyumbani mwetu.

Bi Mwanaidi akaja naye, amefungwa kwenye kitambaa. Akaniona nilivyo. Hakunipa mikononi. Akapiga magoti, akamlaza ubavuni mwangu kwenye mkeka.

"Binti yako," akasema, akatoka.

Tukabaki wawili, wote hatuwezi kuinuka. Alikuwa amelala kifudifudi, kitambaa kimefunguka, na mgongo wake ulikuwa mbele ya macho yangu. Nikauona uti wake. Vifundo vidogo, kimoja baada ya kimoja, kama ushanga uliotungwa na mtu asiye na haraka, kutoka shingoni mpaka chini. Kila alipovuta pumzi ushanga wote ulitikisika. Nilikuwa nimeuchukia mgongo mwaka mzima, nimeulaani, nimeuona ni mfupa wa adhabu. Siku ile nikauona ulivyo. Nikaweka kidole kimoja tu, kwa hofu ya kuvunja. Naye akajinyoosha, akajipinda, akajinyoosha tena, bila taabu, kana kwamba ananifundisha. Sijui nililia muda gani. Najua tu kuwa sikusikia maumivu.

Arobaini zikaanza kwenda. Mama Ndunge akaja kumwona mtoto, akaniona na mimi, akaniambia nilichokuwa sikijui: kwamba naokota vitu kama korongo anavyookota samaki. "Piga magoti kwanza, kama unaomba msamaha. Kitu ikuje kwa kifua yako. Halafu simama na miguu. Mgongo iache ilale." Siku nilipoweza kusimama nikaanza mazoezi uani. Nilianza na papai. Nikaja na nazi mbili. Kisha nikahitimu kwenye fenesi, ambalo nililiinua mbele ya mke wangu na mama mkwe wangu, wao wamekaa kizingitini wakinitazama kama wanaosahihisha mtihani.

"Fenesi haligeuki," akasema Bi Mwanaidi. "Mtoto hugeuka."

Jua la kaskazi lilikuwa limeanza kuwa kali. Alfajiri moja, sikupanga, nikiwa naswali juu ya kiti chumbani, nilishuka. Magoti yakagusa mkeka. Nikaweka viganja. Nikaenda polepole, nikingoja kisu kinikate, hakikunikata, nikaendelea, mpaka paji la uso likagusa chini. Nikasikia harufu ya ukindu. Nilikaa hapo muda mrefu kupita sunna. Nilikuwa nimesahau kuwa dunia iko karibu hivyo.

Siku yenyewe ikafika. Uani pamejaa, ubani unafuka, mtoto amenyolewa, ametiwa wanja, amelazwa kwenye mkeka kizingitini. Athumani amesimama pembeni na kanzu yake, mikono ameshaikunja hadi kwenye viwiko. Simlaumu. Hata watoto waliacha kucheza. 

Nikapiga magoti. Nikamvuta kifuani. Akageuka, kama nilivyoambiwa, akanirushia ngumi ya pua. Nikasimama kwa miguu, na mgongo nikauacha ulale. Ulilala. Sikushika mlango, sikushika mtu. Nikatoka naye juani, akakunja uso, na nikamsikia Athumani nyuma yangu akiikunjua mikono ya kanzu yake, akasema taratibu, "Haya, ni wako."

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nimeandaa dua fupi, na maneno machache ya kuwashukuru wakwe. Sikuweza. Nilisimama katikati ya ua nimenyooka, mtoto kifuani, jua utosini, na machozi yananimwagika, sijui kwa muda gani. Wazee wakainamisha vichwa. Bi Mwanaidi akajifunika uso kwa leso. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja kile kimya, mpaka Mama Ndunge, aliyekuwa amesimama karibu na Mwanasha, akasema:

"Baba mtoto, hiyo ni mtoto umeinua, si lori. Mpatie mama yake anyonye, maziwa inamwagika."